Fundi Aliyefurahi Paa Lake Lilipovuja

Saa moja na nusu asubuhi, baridi ya Julai ingali imeng'ang'ania vigae, na Awale Guhad yuko juu ya paa la nyumba yake, Heidelberg Magharibi, Melbourne. Ananyanyua kigae kilichopasuka, anakigeuza, anatabasamu. Chini, mkewe Hibaq ameshika ngazi kwa mkono mmoja na kikombe cha chai ya iliki kwa mwingine.

"Baba Sagal, watu wakivujiwa hulia. Wewe unacheka," anasema.

"Shika ngazi, mama. Sijaona tundu zuri kama hili tangu nizaliwe."

Furaha hiyo ina historia. Fundi huyu wa mapaa, Msomali mzaliwa wa Burao mwenye miaka arobaini na sita, amehama nyumba sita za kupanga ndani ya miaka kumi na mmoja. Mwenye nyumba akiuza, Hibaq anafungasha. Machi mwaka huu, mwenye nyumba wa sita naye akauza, akawapa siku sitini za kuondoka. Sagal, binti yao mkubwa, alikuwa ndiyo kwanza ameanza mwaka wa mwisho wa sekondari.

Akiba walikuwa nayo, dola elfu sabini na moja, na benki ilikuwa tayari kuwakopesha zilizopungua. Kikwazo kilikuwa riba.

"Marehemu baba aliuza ngamia wake huku machozi yanamtoka, lakini riba hakuigusa," anasema Awale. "Mimi nije nilale chini ya paa la riba?"

Hibaq haoni haya kusimulia upande wake. "Nilimwambia, chukua mkopo, dhambi nitaibeba mimi. Akaniambia dhambi haibebwi kwa niaba. Nikamwambia, basi maboksi yabebe wewe."

Kulikuwa na kampuni moja mjini iliyojitangaza kuwa haina riba. Inanunua nyumba pamoja nawe, unalipa kodi kwa sehemu yake, na kidogo kidogo unainunua sehemu hiyo mpaka nyumba inakuwa yako. Awale akawekewa mkataba wa kurasa thelathini. Akauliza swali moja tu: paa likiharibika, nani analipa?

"Wewe, yote," akajibiwa.

Akainuka. "Mbia wa faida peke yake si mbia," anasema. "Ile ilikuwa benki iliyovaa kanzu."

Wasomali hawamwachi mtu bila jina la utani. Kufikia Ijumaa, kwenye mgahawa wa chai alikuwa keshaitwa Awale Paa.

"Awale Paa, hata peponi utauliza nani anaziba?" alimchokoza Roble, dereva teksi.

"Peponi hakuvuji, Roble. Shida iko huku."

Walicheka wote, naye akacheka. Lakini anakiri kwamba alikuwa na hofu kubwa. Zilibaki siku kumi na tisa, na alianza kujishuku kwamba huenda ameugeuza ukaidi wake kuwa dini, na watakaoumia ni watoto.

Imamu wa msikiti wao ndiye aliyemwelekeza kwenye ushirika mdogo wa Waturuki wa kununua nyumba kwa ubia, unaosimamiwa na mzee Ferhat. Awale akauliza swali lile lile.

"Robo tatu ya nyumba ni yetu, basi na robo tatu ya hasara ni yetu," mzee akamjibu. "Ulitaka iweje, mwanangu?"

Akamwomba aiandike kauli hiyo. Ikaandikwa, ikatiwa saini, na familia ikahamia zikiwa zimebaki siku sita.

Wiki iliyopita mvua ikanyesha, maji yakadondoka katikati ya ukumbi. Hibaq akakinga sufuria, kisha akamgeukia mumewe. Katika pilikapilika za kuuliza nani atalipa, fundi wa mapaa alikuwa amesahau kupanda juu kulitazama paa lenyewe.

"Miaka yote anakagua mapaa ya watu," Hibaq anasema. "La kwake akalikagua kwenye karatasi."

Awale alimpigia Ferhat simu. Karatasi hukubali lolote. Sasa ndipo angejua kama ana mbia au ana mkopeshaji.

"Unamjua fundi mwaminifu?" mzee aliuliza.

"Namjua. Ni ghali kidogo."

Gharama ya kazi ni dola elfu moja na mia mbili. Ushirika umeshatuma mia tisa zake. Awale anaziba paa lake, na mbia wake anamlipa.

"Usingizi ninaoulala siku hizi," anasema akishuka ngazi, "sijawahi kuulala tangu nije nchi hii." Hibaq anampa chai, kisha anamwonyesha maboksi yaliyokunjwa kando ya pipa la taka. Ameyatupa yote.

Wakijaliwa, itawachukua miaka kumi na minane kuinunua sehemu ya ushirika, nyumba iwe yao peke yao. Awale ameshapanga atakavyoongeza kazi za Jumamosi.

"Namwomba Mungu anifikishe siku hiyo," anasema. "Paa livuje, nami nitafute wa kugawana naye gharama, nisimwone."