Kicheko cha Fanueli

Fanueli, fundi redio wa Mwanjelwa, hakuwa mlevi wala mgomvi. Alichopenda ni kutazama vyombo vya angani, basi. Simu ilimwambia kile kituo wanamoishi wanaanga kitapita saa ngapi juu ya Mbeya, naye anatoka uani na koti lake, anakodoa macho mpaka shingo inauma. Mkewe, Gloria, alikuwa akimtolea kigoda huku akimtania: "Haya, wakwe zako hao wanapita, wapungie mkono!" Na kweli alikuwa akipunga.

Mwezi wa sita akafa jirani yao, Yotamu. Fanueli alichimba kaburi, akabeba jeneza, akakaa na wanaume kando ya moto wa msiba kama inavyotakiwa. Jioni ya siku ya pili, saa moja na dakika nane, simu ikamtetema mfukoni. Jamani, si angeiacha tu? Lakini wiki tatu mawingu yalikuwa yamemnyima. Akasogea kando ya migomba, akakiona kile kituo kinakuja, cheupe, kinapita juu ya paa la marehemu. Furaha ikamzidi, akacheka kwa sauti.

Kucheka msibani! Alipogeuka, kilio kilikuwa kimekatika, watu wote wanamwangalia. "Kuna watu mle ndani," akajieleza, na hapo ndipo alipojimaliza kabisa. Mtaa mzima ukasema Fanueli anaongea na watu wa hewani, na kifo cha Yotamu anakijua yeye. Akazunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Walimsikiliza, wakafunga milango.

Mwezi wa nane Gloria akaanguka kwa presha, akafa. Huku kwetu hakuna anayezika peke yake. Ukipiga yowe tu, watu wanajaa na majembe. Fanueli alilia mpaka sauti ikakauka. Hakuja jirani hata mmoja. Alikuja Isaka tu, kaka wa marehemu, kutoka Iringa, na mchungaji.

Shemeji wawili hao wakachimba tangu asubuhi mpaka jua linazama. Wabebaji hawakutosha, Gloria akapelekwa kwa mkokoteni, majirani wakichungulia madirishani. Hilo lilimuuma Fanueli kuliko kifo chenyewe: mwanamke aliyepika kwenye misiba yote ya mtaa huu, leo anasukumwa kama gunia la viazi.

Walipoanza kufukia, simu ikatetema mfukoni. Isaka, ambaye hakujua lolote, akainua uso.

"Shemeji, hebu ona! Nyota ile inatembea!"

Fanueli hakuinua kichwa.

"Fukia, shemeji," akasema. "Fukia tu, watatuona."