Njugu za Ugomvi kwa Benedetta

Mtu akitaka kupigana hapa Malaba mpakani, atafute kwingine. Kwa Benedetta hapiganwi. Mimi Roselida napika chapati mlangoni pa lojingi yake, mgongo ukutani kwake na uso barabarani, kwa hivyo usinibishie. Nimeona madereva wa trela wakikunja mashati hapo uani, wameapa kwa majina ya mama zao, na baada ya muda mfupi wako chini kwenye benchi wanamenya njugu, kimya, kama wanafunzi walioadhibiwa.

Ndiyo sheria ya pale. Ukigombana, unakaa. Ukikaa, unaletewa ungo wa njugu zenye maganda, na mwenzako anakaa ng'ambo ya ungo huohuo. Mnamenya mpaka ziishe, ndipo mtasema nani kamkosea nani. Ukikataa, beba mzigo wako uende. Na foleni ya malori ikishafika kule Amagoro, nionyeshe utapata kitanda wapi.

"Mimi sina koo kama lako, Roselida," huniambia Benedetta, "lakini njugu ninazo." Ananichokoza kwa sababu hasira zangu ziko karibu, na sitaki kuzihamisha. Yeye ni Mteso wa Chakol, mwembamba, mpole wa sauti. Mumewe alikuwa dereva, akafia safarini, akamwachia kiwanja na mlango mmoja. Vyumba vingine amevijenga yeye, kimoja kimoja, na mchuzi wake wa njugu unasifiwa hadi Tororo. Wanaousifu hawajui njugu zenyewe zimemenywa kwa matusi.

Sasa sikia ya siku ile ya mvua.

Ilikuwa mchana, na mvua ilikuwa imekasirika na mtu. Malori yamesimama, pikipiki zimegoma kuingia matopeni, watu wamejaa hadi verandani. Kilibaki chumba kimoja tu, kile cha karibu na tangi, mlango wazi. Benedetta yuko nyuma ya jiko ananyonyoa kuku.

Wakaingia wawili. Mmoja mama mzima, mguu umevimba, ametoka Tororo na gunia dogo la mchele kichwani. Mwingine kijana, jina lake Egesa, fundi wa kujenga nyumba kutoka Matayos, amekumbatia furushi la nailoni kifuani utadhani ni mtoto mchanga. Mama akakaa kitandani. Kijana akaweka furushi kitandani. Basi.

"Mama, samahani, hiki chumba nimekichukua."

"Umekichukua kwa nani? Mimi nimekikalia."

Mngesikia! Kila mmoja alikuwa na jibu na jibu la jibu. Madereva wakatoka vyumbani na vikombe vyao vya chai, wengine upande wa mama, wengine upande wa kijana, mmoja akasema wagawane, akanyamazishwa na pande zote. Nami nikaacha chapati kwenye kikaango, nikasogea mlangoni. Sitasema uongo, nilikuwa nafurahia.

Ndipo yule kijana, maji yanamtiririka usoni, akatoa neno ambalo hata mimi mwenye mdomo nisingelitoa. Akasema, "Kama huna pa kukaa, mama, nenda umwambie mkwe wako akujengee nyumba. Hiki ni changu."

Mama akamtazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Mkwe wangu angekuwa hapa," alisema, "ungeokota meno yako kwenye haya matope."

Benedetta akatokea na ungo. Hakuuliza kitu. Aliwaelekeza kwenye benchi la verandani, akauweka ungo katikati, na mimi nikarudi kukuta chapati imeungua. Walimenya kwa hasira. Kijana alikuwa anatupa maganda upande wa mama, na mama anayarudisha. Lakini njugu ni njugu, ukimenya unainama, na ukiinama sana unachoka kuwa mkali. Mikono yao ikaanza kugongana mle ungoni bila mtu kusonya.

"Kijana," Benedetta akasema, "ndani ya hiyo nailoni kuna nini cha kukufanya umtukane mtu mzima?"

Egesa akapoa kidogo. "Ni gomesi, mama, lile vazi la heshima. Gomesi na blanketi. Kesho naenda Amukura na wazee wangu kwa wakwe. Ni za mama mkwe. Zikilowa nitaweka wapi uso wangu?"

"Amukura kwa nani?"

"Kwa mzee Omuse. Namchukua binti yake, Vivian."

Mama akabaki na njugu moja kati ya vidole, hajaivunja. Hakupiga kelele. Alivuta leso kutoka mabegani, akajifunika kichwa na uso, akainuka na ule mguu wake, akaenda nyuma ya jiko.

"Sasa amekasirika nini tena?" Egesa akauliza.

Woi, nilitamani kumpiga na mwiko. Kwetu Wasamia na kwa Wateso, na hata kwao Matayos, mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe. Hampi mkono. Hali naye sahani moja. Egesa alikuwa ameshafika boma la Omuse mara nyingi, na kila mara mama wa nyumba alipitia mlango wa nyuma, akatuma salamu kupitia watoto. Kijana alikuwa ameshusha macho vizuri sana, kila mtu Amukura anamsifu. Na kwa kuyashusha vizuri hivyo, hakumjua mama alipomkuta kitandani Malaba.

"Huyo ndiye mama mkwe wako, wewe kichwa," nikamwambia. "Umemtukana, na umechangia naye ungo."

Alikaa chini kwenye maganda. Sikumcheka, Mungu ni shahidi, maana alianza kulia palepale mbele ya madereva wote. Alisema Vivian amekataa wengine kwa ajili yake. Alisema Omuse anamsikiliza mkewe kwa kila jambo, na huyo mke akirudi nyumbani na maneno ya leo, kesho geti halitafunguliwa. Aliongea hivyo huku ameshika furushi lake, halijalowa hata tone.

Benedetta akanawa mikono. Akashusha shuka moja kutoka kwenye kamba ya verandani, akaitundika kati ya jiko na ua, akaipigilia misumari juu. Mama akaketi upande wa moto, Egesa akapiga magoti upande wa mvua, na Benedetta akasimama pembeni ya shuka ili awe mdomo wao. Hapakuwa na dereva aliyekunywa chai yake. Moyo wangu ulikuwa unadunda kama mimi ndiye ninayeoa.

"Mwambie nimekosa," Egesa alisema. "Mwambie nitaleta mbuzi wa kuondoa aibu. Chumba achukue. Gomesi achukue leo, nisionekane hata kesho kama hataki. Lakini asimnyime Vivian."

Benedetta akayarudia yote, ingawa mama alikuwa karibu kuliko mimi. Kisha akaongeza lake, jambo ambalo sijawahi kumsikia akifanya. "Nami nasema, mama, kijana amekukosea akikulindia nguo."

Mvua kwenye mabati. Halafu mama akasema kwa Kiteso, taratibu, na nikamwona Benedetta akiuma mdomo.

"Anasema mbuzi lete," Benedetta alitafsiri. "Gomesi uilete kesho mbele ya watu, hataki kuipokea jikoni kama ameiiba. Na anasema kuna mahali ulimtuma."

"Mimi? Nilimtuma wapi?"

"Ulimtuma akamwambie mkwe wake amjengee nyumba." Benedetta akashika shuka, akatulia. "Sasa ndiyo anamwambia. Anataka ya mabati, na mlango usiangalie barabara."

Madereva walipiga vikombe ukutani hadi nikaogopea vikombe. Egesa akainama mpaka paji la uso likagusa tope, analia na kucheka, na nyuma ya shuka tukasikia mtu mzima akijikaza asicheke.

Chumba cha karibu na tangi alikitumia mama. Vivian aliolewa. Nyumba ipo Amukura, nimeiona kwa macho yangu, ukuta umenyooka. Egesa aliijenga mwenyewe, na kila asubuhi alipofika na mwiko wake, mama alikuwa ameshatoka kwenda shambani, amemwachia uji mlangoni umefunikwa. Egesa hajauona uso wa mama mkwe tena tangu siku ile ya njugu.

Na Benedetta siku hizi, kabla hajampa mgomvi ungo, humuuliza kwanza anaoa wapi.