Mtaalamu wa Zabibu

Kosa langu lilikuwa kuzaliwa Dodoma, kwenye sifa ya zabibu. Nilipopangiwa kufundisha upande wa Lufingo, kwa Wanyakyusa, miaka michache baada ya Azimio la Arusha, kila niliyesalimiana naye aliniuliza habari za zabibu. Mimi nimekua nikichunga mbuzi! Zabibu niliziona sokoni, na mvinyo nilionja mara moja nikatema. Lakini jamani, kijana mgeni akiitwa mtaalamu, atakataaje? Nikawa naitikia tu.

Bonde lile lilikuwa na kinywaji chake tangu kabla ya Mjerumani. Udongo wake ni majivu ya volkano, mweusi, ukidondosha mbegu imeshaota. Mvua nayo hainyeshi, inaishi palepale. Kando zote mbili za mto ni migomba na ulezi, na kwa ulezi huo wanawake walipika kimpumu, pombe nzito inayomiminiwa maji ya moto chunguni na kunywewa kwa mrija mrefu. Aliyeijulia kuliko wote alikuwa mama mmoja mjane, mwenye shamba tambarare chini kabisa, karibu na maji. Kila Jumamosi aliniwekea kigoda, akanipa mrija, akaniita mwanangu. Mimi nilicheka Kiswahili chake, yeye akacheka Kinyakyusa changu.

Basi kijiji kikaambiwa kitafute zao la shamba la ujamaa. Mwenyekiti akasimama mkutanoni akasema tuna bahati, tunaye mtu wa Dodoma, tutalima zabibu bondeni na kutengeneza mvinyo wetu wenyewe. Watu wakapiga makofi. Nami, Mungu anisamehe, nikasimama nikapunga mkono. Shamba lililochaguliwa likawa la yule mama, kwa kuwa ndilo tambarare. Migomba yake ingekatwa Jumatatu.

Hata mtoto wa Dodoma anajua kwamba zabibu zinataka jua na ukavu, na pale hata shati langu sandukuni liliota ukungu. Nikasema nitawaambia kesho, kesho ikawa keshokutwa. Jumamosi nilikwenda kwa yule mama, nikanywa, nikaona haya kumtazama usoni, nikaaga bila kuzitaja zabibu.

Jumatatu watu walikusanyika na mapanga yao mbele ya ofisi ya kijiji, tayari kushuka bondeni. Hapo ndipo nikanyoosha mkono. Nikasema zabibu sizijui, sijapanda hata mche mmoja maishani, na kwa mvua hii zitaoza zote. Mwenyekiti alifura. Akaniuliza kwa nini nilinyamaza siku zote hizo, nikamjibu kweli: nilipenda sifa. Watu wakaangua kicheko, na walipomaliza kucheka mpango ukafutwa. Nikajisikia mwepesi ajabu. Nikamgeukia yule mama, aliyesimama pembeni ya umati, nikitegemea shukrani.

"Umefanya vema, mwanangu," alisema. "Ila migomba nimeshaikata leo alfajiri, mwenyewe. Sikutaka kuona vijana wakiikata."