Faili Lililopakwa Nta

Nimekaa tena kwenye benchi la ofisi ya ardhi, mgongo unauma, na joto la mchana limeanza kuamsha harufu ya nta kwenye faili la baba.

Utotoni tulilileta hapa kwa baiskeli kutoka Ugalla, wakati wa masika. Baba alikuwa mrina asali, na kitu chochote asichotaka kilowe alikipaka nta. Jalada lile la kaki alilisugua nje na ndani mpaka likateleza kama kambale. Mvua ilitupiga njia nzima, lakini karatasi za shamba zilifika kavu, na baba alicheka huku maji yakimchuruzika kidevuni.

Karani alijaribu kuandika namba juu ya jalada. Wino ukajikusanya vitone, ukateleza.

"Mzee, hili halishiki wino. Lete lingine."

"Lakini mwanangu, ona, ndani pakavu kabisa."

"Bila namba silipokei, mzee."

Baba alilipangusa taratibu kwa kiganja. "Basi tutakuja kiangazi, na jalada lisilo na nta," aliniambia.

Sasa dirisha limefunguliwa. Karani, binti mdogo, ananiuliza bila kuinua macho:

"Namba ya faili, mama?"