Glasi Iliyogeuzwa Kifudifudi

Ilikuwa mwaka wa themanini na mbili. Hapana, nisije nikawadanganya, ni themanini na tatu, kwa sababu dada yangu alikuwa ameshamwachisha ziwa mtoto wa pili, na mimi nilikuwa nimepita kwao kuwasalimu tu, nikakaa miaka mitatu. Mumewe, yaani shemeji yangu, alikuwa seremala. Tulimwita Penseli, maana penseli ilikaa sikioni mwake hata akisinzia. Alikuwa amehamia nchi ile ya watu kufuata kazi kwenye karakana ya samani, na lugha yao alishaipata, ya kuombea misumari na ya kutaniana.

Kilichomtatiza ni kunywa. Kwetu mtu akitaka kunywa anakunywa, basi. Kule kulikuwa na mambo yake. Siku ya kwanza, kazi ilipokwisha, alichukua chupa akajimiminia. Meza nzima ikamgeukia. Fundi mmoja, yule mpaka vanishi wa karakana, aliyekaa naye benchi moja, akamnong'oneza, "Hapa mtu hajimiminii, bwana. Ni sawa na kujikuna kwapa mbele ya wakwe."

Wakacheka, naye akacheka. Toka hapo yule mpaka vanishi akawa mwalimu wake. Glasi inapokewa kwa mkono wa kulia. Mkubwa ndiye anayeanza. Anayekupa, mtazame machoni. Shemeji hakuwa mnywaji, alikuwa analowesha mdomo tu, lakini adabu za wenyeji alizishika kama anavyoshika vipimo vya kabati. Akirudi nyumbani alitufundisha mimi na dada kwa glasi za maji, tukicheka mpaka mtoto anaamka.

Sasa pale karakana palikuwa na msumeno wa umeme, na msumeno ule una kinga yake ya chuma inayofunika meno. Msimamizi aliifungua akaitupa pembeni, eti inachelewesha kazi. Wote waliona. Siku moja ubao ukakutana na fundo, ukaruka, na msumeno ukachukua vidole vinne vya mkono wa kulia wa shemeji. Kikabaki gumba. Seremala, jamani.

Mwenye karakana alikuwa safarini. Akirudi angeuliza. Ikisemwa kinga ilitolewa na msimamizi, shemeji angebaki kazini, labda awekwe stoo au afundishe wageni. Ikisemwa ni uzembe wake, basi ni mlango. Yeye hakuwa na wasiwasi. Mashahidi si karakana nzima?

Jumapili msimamizi akaja nyumbani na chupa, akifuatana na mpaka vanishi na wengine wawili. Dada akaleta glasi kwenye sinia.

"Moja inatosha, mama," msimamizi akasema.

Dada akaja kuniambia mlangoni mwa jikoni, nilikosimama nikitazama, "Kaka, umeona mtu mkubwa anavyojishusha?"

Msimamizi akamimina, akanywa nusu, akamnyooshea shemeji iliyobaki. Mkono wa kulia ulikuwa bonge la bendeji, kwa hiyo shemeji akauliza kama wa kushoto unakubalika.

"Leo unakubalika," msimamizi akasema, akamshikia kitako cha glasi.

Shemeji akamtazama machoni kama alivyofundishwa, akanywa yote. Msimamizi akaichukua glasi, akaigeuza kifudifudi mezani. Wale wawili wakainamisha vichwa. Mpaka vanishi alikuwa anatazama viatu vyake.

Walipoondoka, shemeji uso ulikuwa umemkunjuka. "Hawa watu wana utu, shemeji. Si umeona?"

Mwenye karakana aliporudi aliwaita wote. Nilimsindikiza mgonjwa wangu, nikakaa juu ya rundo la mbao karibu na mlango. Wa kwanza akasema hakuona. Wa pili alikuwa amegeukia kwingine. Mpaka vanishi akasema alikuwa nje anachanganya rangi. Shemeji anawatazama mmoja mmoja, penseli sikioni.

Nje akamshika mpaka vanishi shati kwa ule mkono mzima. "Wewe ulikuwa umesimama karibu yangu hivi."

"Si mlikunywa?"

"Tulikunywa nini?"

"Glasi moja, watu wawili, ikageuzwa. Ikishageuzwa neno limekwisha. Hata mimi nikilitaja naonekana mfukua makaburi."

"Mimi nilijua amekuja kunipa pole."

"Pole huja na matunda, bwana," mpaka vanishi akasema, taratibu kabisa, akarudi kwenye rangi zake.

Basi ukawa mlango. Baadaye shemeji alipata kazi ya kufungua geti la ghala kwa mkono wa kushoto. Dada alishona nguo za watu mpaka macho yakamlegea. Nilikuwa nikienda na kurudi, kama kawaida yangu, na kila nikirudi nilimkuta amepungua maneno. Hakupokea tena kitu kilichomiminwa na mtu. Chai alijimiminia mwenyewe, wageni wawepo wasiwepo. Kifua kilimchukua kabla hajafika hamsini.

Mpaka vanishi alikuja mazikoni. Alikuja na matunda kwenye mfuko.

Nilimvuta pembeni nikamuuliza jambo moja, akaanza kuyapanga yale matunda upya. Nikamfuata msimamizi pia, siku hizo ameshastaafu, amekaa barazani kwake. Yeye akaniuliza hali ya miguu yangu. Sikuwa na ugomvi nao. Nilitaka kujua tu: siku ile, mlipomwona shemeji yangu anaipokea ile glasi, mlijua kwamba hajui?