Kikundi Kisicho na Shikamoo

Juzi, katika ofisi ya intaneti ya Ifakara tunakosomea barua pepe, bwana shamba mstaafu wa Idete alipokea kwenye kaunta barua pepe zake zilizochapwa, akacheka peke yake. Ni mwanachama wa kikundi changu cha kujadili mbegu za mpunga kwa barua pepe, ambacho kimekaa kimya wiki tatu.

"Shikamoo, mzee. Mbona kwetu huandiki?"

"Marahaba, mwanangu. Nimehamia kwenye kikundi cha mpunga cha dada mmoja wa Kisawasawa. Wewe ulikataza salamu. Nitamuulizaje mtu mbegu kabla sijamjulia hali?"

Nilichungulia karatasi zake: kurasa nne za salamu, mpunga mistari miwili. Nikaona wivu.

Nikajiunga na kikundi cha yule dada siku hiyohiyo, kupeleleza tu. Watu sita wameshaniuliza kama nyumbani hawajambo. Nimewajibu wote, mpunga sijautaja bado.