Majivu Vidoleni

Kila ninaposikia harufu ya korosho zinazochomwa, naona haya.

Siku moja mchana, darasani, mwalimu alitugawia historia ya nchi mafungu mawili: zama za masultani Waislamu, kisha zama za Wakristo, kuanzia Wareno. Jioni nikaenda kubangua korosho kwa rafiki yangu, Mmakonde, Mkristo. Nikakalia ndoo, mimi Mwislamu, najiona sultani kabisa.

"Mtukufu, bangua basi!" akanitania.

"Nyie ndio mlioleta mizinga, mkatubomolea Kilwa yetu."

Akacheka.

"Sikutanii," nikasema.

Mama yake akaniuliza taratibu, "Na zama za masultani, mwanangu, sisi tulikuwa wapi? Si tulikuwa tunalima tu, kama babu zako?"

Kisha akanipaka majivu vidoleni, mafuta ya maganda yasiniunguze.

Tangu jioni ile, rafiki yangu hakunitania tena.